Inzi Puani, Mwasho Pajini

Treni ilikwenda taratibu kama inayoota, nami nilifumba macho nusu, njia pekee ya heshima ya kusikiliza yasiyonihusu. Mbele yangu babu mmoja, fundi saa, alikuwa akimweleza muuza vitambaa aliyeketi naye kwamba madaktari walimkata saratani ya ngozi puani, wakashusha ngozi ya paji la uso kuziba pengo. Ukanda mwembamba wa ngozi bado uliunganisha paji na pua, ukiipelekea damu. Leo hospitali wanaukata.

"Sishuki, mwanangu. Pua ikifa je?"

"Utakaa na mkonga huo mpaka lini, babu? Wajukuu watabembea!"

Babu alicheka. Inzi akatua puani. Babu akajipiga paji. Inzi, mtu wa subira, akabaki.

"Umemkosa."

"Nimemhisi huku juu. Pua bado inadhani ni paji."

"Basi iko hai!"

"Kwa ukanda huohuo wanaotaka kuukata."

Treni ikasimama kituo cha hospitali. Nilifumbua macho yote, heshima yote imeniisha. Babu alikuwa amesimama mlangoni, akijigusa pua polepole, akisikiliza pajini.