Mpima Aliyemtafuta Mama Yake kwa Picha za Angani

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlizoea kumwita Mpima, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 kwenye ardhi hii hii tuliposimama, akiwa mtoto wa kiume pekee wa mama yake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956, kisha akaenda shule ya bweni. Huko, Julai 1963, mwalimu mkuu alimwita ofisini akamwambia mama yake amefariki na amekwisha kuzikwa. Aliporudi mwisho wa mwaka, familia ilikuwa imehamishwa kupisha shamba kubwa. Trekta zilikuwa zimelima nyumba, jiko na kaburi. Hakuna aliyeweza kumwonyesha mahali, na jambo hilo halikumtoka moyoni maisha yake yote.

Alisomea upimaji wa ardhi, akaifanya kazi hiyo kuanzia 1970 hadi alipostaafu 2008. Alikuwa mkali, jamani! Ukisogeza jiwe la mpaka, hata uwe shemeji yake, ungelirudisha kwa mikono yako. Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wanne.

Ardhi hii iliporudishwa kwetu, alianza kumtafuta mama yake mtandaoni. Ramani za setilaiti alizisifia rangi, lakini alinung'unika kwamba ukikaribia, kila kitu kinakuwa uji. Kisha akapata picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege mwaka 1961, nyeusi na nyeupe, na nyumba yao ilikuwemo, na jiko nyuma yake. Kwenye njia ya kisimani palikuwa na nukta.

"Mama huyo," alisema.

"Baba watoto, hilo ni doa," mama yetu akamjibu.

"Doa halina kivuli."

 Mimi binti yake niliinamia skrini, na kweli, kivuli kilikuwepo.

Shangazi, dada yake mdogo, alikuwepo kwenye mazishi yale akiwa mtoto. Alikumbuka kitu kimoja tu: kaburi lilikuwa nyuma ya jiko. Basi baba akalinganisha picha ya ndege na ya setilaiti, akagundua ile ya setilaiti imesogea kando kwa upana wa nyumba. Akatuandikia vipimo na kutuagiza kwamba siku ya kuchimba kaburi lake tupime kwa kamba kutoka kwenye mwamba wa mtoni, unaoonekana katika picha zote, na simu tuziache mfukoni, maana ramani zake ni hizo hizo za setilaiti.

Aliugua figo tangu Aprili 2022, akafariki nyumbani tarehe 9 Februari 2024, mchana. Maneno yake ya mwisho kwetu yalikuwa, "Msinizike peke yangu."

Jana kaka yetu mkubwa alifuata ramani ya simu. Lile shimo tupu mnaloliona pale ndilo alilochimbisha yeye. Udongo ulikuwa mgumu kama matofali pande zote. Shangazi akafoka, "Si mliambiwa? Kazi kubishana na mzee hata akifa!" Tukavuta kamba kutoka kwenye mwamba, wachimbaji wakaanza upya. Walipofika kiunoni, ukuta wa kushoto ulianza kumomonyoka, udongo laini, mwekundu na mweusi ukiwa umechanganyika. Mchimbaji mzee akaweka sepetu chini. "Hapa palishachimbwa," alisema. "Upande huu tusiuguse."

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu na dada mmoja. Mama yake amemsubiri miaka sitini. Walale salama wote wawili.