Siku Sofa za Jirani Ziliponitajirisha

Wapendwa wa kikundi chetu, leo hata kama ningebebwa ningekuja hapa mbele. Nina furaha ambayo nyumba yangu ya Saboti imeshindwa kuibeba peke yake.

Wengi mnanijua kwa sukuma wiki ninazouza sokoni Kitale. Mnaniona nikicheka na wateja, mnadhani nilizaliwa nikicheka. Baba watoto alipougua tuliuza ng'ombe, tukauza na shamba. Akatutoka hata hivyo. Nikabaki nikilima shamba la kukodi, msichana wangu mkubwa akiwa kidato cha nne. Huyo mtoto, ndugu zangu, nawaambia bila aibu, ana kichwa! Akapita vizuri, akaitwa chuo kikuu cha umma kule Bungoma asomee ualimu wa hesabu. Nilipiga kelele mpaka majirani wakafikiri tumevamiwa.

Halafu nikaona karo. Mkopo wa serikali ulifika nusu ya njia ukachoka. Tusipopata cha kujazia, muhula wa pili angerudi nyumbani. Akasikia kwamba pale chuoni kuna skolashipu inayotoka kwa watu binafsi. Wengine walisoma hapo zamani, wengine wana biashara zao tu, na wanachanga kuwalipia watoto wasiowajua. Akaomba. Akanipigia simu: "Mama, watakuja kuona kwetu."

Wageni wa chuo kikuu, kwangu! Si mnajua vile sisi hufanya mgeni akisema anakuja? Nikamwambia jirani yangu mmoja kwamba nina benchi na viti viwili, na kimoja hakisimami vizuri. Akashika kiuno: "Ati wageni wa maana hivyo wakalie mbao? Chukua sofa zangu." Zikavuka barabara kwa mkokoteni. Mwingine akaleta vitambaa vyeupe vya kushona kwa mkono, vya kutandika sofa. Mwingine akaleta televisheni, bana, na kwangu hakuna stima! Huyo huyo akamfunga ng'ombe wa bwanake nyuma ya nyumba yangu, ati boma lisikae tupu.

Wageni wakaja, mama mmoja na bwana mmoja. Wakakalia sofa, wakala kuku, wakamsifu ng'ombe. Nikawasindikiza hadi barabarani nikitembea kama chifu.

Baadaye msichana wangu akapiga simu na sauti ndogo. Jina lake halikuwepo. Ameambiwa kwao kuna uwezo, nafasi apewe mwenye shida zaidi. Nilikaa chini jikoni nikalia, siwafichi.

Akaniomba niende niwaeleze, nikakataa. Ningeanzia wapi? Niseme nilidanganya? Mimi sikudanganya, mimi niliheshimu wageni! Hata sokoni niliacha kwenda. Aliyenitoa nyumbani ni yule yule mwenye sofa. Aliingia bila hodi akasema, "Hizo sofa ni zangu. Kama ndizo zinamfukuza mtoto shule, mimi mwenyewe nitaenda kusema. Amka, mama, oga twende."

Tukafunga safari ya Bungoma, mimi na hao majirani watatu. Hapo ndipo mambo yaligeuka. Tulimkuta yule mama aliyetutembelea ameketi ofisini. Kabla sijafungua mdomo, jirani akasema, "Sofa ni zangu." Wa pili akasema, "Vitambaa ni vyangu, nimeshona mwenyewe." Wa tatu akasema, "Televisheni ni yangu, na ng'ombe ni wa bwanangu." Yule mama akavua miwani, akaniangalia. "Sasa wewe mama, chako kilikuwa kipi?"

Nikasema, "Kuku."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanisogezea kiti, nami nikapata ulimi. Nikamweleza ugonjwa, ng'ombe waliouzwa, shamba la kukodi. Nikamwambia, "Mama, mimi sina. Nina mtoto mwenye akili na mikono hii." Tangu nimzike bwanangu sikuwa nimesema neno hilo, sina, mbele ya mtu yeyote. Nililisema na sikufa. Akaniambia amezoea watu wenye magari wanaoapa kwamba hawana kitu. Watu wanaopanda gari kuja kujipunguzia mali, hao ndio alikuwa anawaona mara ya kwanza.

Wale wageni wawili wakarudi Saboti bila kututajia siku. Walinikuta shambani, matope hadi magotini, nikawakaribisha kwa benchi yangu tukanywa chai. Muhula wa pili karo ikalipwa, na kila muhula baada ya huo.

Ndugu zangu, msichana wangu amehitimu! Anafundisha hesabu shule moja upande wa Matulo. Nilipomwona amevaa joho nilijivuna, na bado najivuna, na sitamwomba mtu msamaha kwa hilo.

Mshahara wake wa kwanza ulipotoka, mimi nilikuwa nimeshachagua leso akilini. Akanikalisha, akasema, "Mama, usikasirike. Nimetuma yote kwa ule mfuko wa skolashipu." Yote! Na nauli ya kurudi Matulo akaniomba mimi! Nilimpa huku machozi yananitoka, na hayakuwa ya hasira.

Nawashukuru wale waliotoa, ambao sitawahi kuziona sura zao. Nawashukuru majirani wangu watatu. Mko hapa, siwataji, acheni kucheka. Na kama kuna mama hapa anayesubiri wageni kama wale, ninalo la kumwambia: mpikie mgeni, mheshimu, lakini mwache aone kwako jinsi kulivyo. Hakuna aibu hapo.

Nina ombi moja. Kila mavuno, kikundi chetu kitoe gunia la mahindi liuzwe, pesa ziende kwa mfuko ule. Langu nimekuja nalo, liko pale mlangoni. Mtoto atakayelipiwa hatutamjua, naye hatatujua. Labda siku moja nitasimama nyuma ya mama yake kwa foleni hapa Kitale, tusalimiane, kila mtu aende zake.