Kocha Bisengimana na wasichana wa Lushebere

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka kocha Bisengimana wa Lushebere, kambi ya waliokimbia vita. Alipigwa risasi uwanjani, Jumapili, mchana, mbele ya wasichana aliowafundisha mpira. Narudia: uwanjani, mchana.

Hatutamsafisha. Baba huyu alikuwa mkali. Alitembea na fimbo. Ukipoteza mpira, miguuni. Ukichelewa, mgongoni. Alisema mchezaji asiye na woga hakimbii. Siku moja alimpiga kipa wake, Uwamariya, mdomoni. Jino likatoka, damu ikalowesha jezi.

Kesho yake Uwamariya alirudi. Akasimama golini, mikono chini. Mpira ukapita. Wa pili ukapita. Wa tano ukapita. Kocha akamfuata, fimbo juu. Msichana hakusogea.

"Kocha, watu ya bunduki walitupiga kule kijijini Kingi, tukakimbilia huku kambini. Na weye unatupiga. Sasa tukimbilie wapi?"

Mjane wa kocha, Mama Libérata, anaikumbuka jioni hiyo. "Hakukula. Akaniambia, 'Libérata, niliwafundisha kuniogopa, mupira sikuwafundisha.' Ndio asubui akawaomba musamaha, wote, mbele ya wazazi."

Tangu siku ile alikimbia pamoja nao, akitoka jasho kama wao. Mazoezi yakiisha, alimwambia kila mmoja kitu alichofanya vizuri. Kimoja tu, lakini cha kweli. Msimu huo walishinda mechi saba. Msimu wa fimbo walishinda moja.

Halafu ikafika Jumapili ile. Wenye silaha waliingia uwanjani katikati ya mechi. Walitaka wasichana wawabebee mizigo hadi msituni. Mmoja akamkamata Uwamariya kwa jezi, akamburuta. Kocha akasimama mbele yake. Wakampiga kitako cha bunduki usoni, akaanguka, akainuka. Wakampiga tena. Akiwa chini akaishika miguu ya yule mtu kwa mikono miwili, hadi msichana akachomoka.

"Mukimbie!" alipiga kelele. "Musiniangalie, mukimbie!"

Risasi mbili. Wasichana walivuka kilima, wote kumi na mmoja. Narudia: kumi na mmoja, wote hai.

Mama Libérata, watoto, na familia yote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na ninyi makocha mnaotusikiliza huko Masisi na Walikale, kabla ya mazoezi ya kesho jiulizeni: mchezaji wako akikuona, anakukimbilia, au anakukimbia?