Leso ya Mama Chini ya Goti

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Na wenzetu wa kanisani, Bwana asifiwe. Daktari ameniita niwasimulie wagonjwa wenzangu, akaniambia nikipenda niseme nikiwa nimekaa. Nimemkatalia. Mwaka na nusu uliopita nililetwa kwenye baraza hii ya hospitali juu ya mkokoteni wa maji, nimepakiwa baina ya madebe, kwa hivyo leo mtaniwia radhi, nitasimama. Nikichoka nitaegemea hii nguzo, wala msinicheke.

Mimi nilikuwa mkwezi. Mkwezi wa hoteli, kule Diani. Kazi yangu ilikuwa kuangua nazi na kukata makuti makavu kabla hayajawaangukia wageni, maana mgeni wa Ulaya akiona kivuli cha mnazi hutandika taulo lake papo hapo, haangalii juu. Minazi ya pale nilikuwa naijua mmoja mmoja. Na nawaambia kweli, sisi wakwezi tuna majivuno. Mtu aliyezoea kuwatazama wenzake utosini hudhani kuumia ni kwa watu wa chini.

Ulikuwa mwaka ule wa mvua za Elinino, zilizokata barabara na kuangusha vyoo vya watu. Nilishaangua, nilikuwa nashuka. Nilipofika kimo cha mtu nikaruka, kama nilivyoruka kila siku. Mguu wa kulia ukaingia kwenye kishimo kilichochimbwa na maji ya mvua, ukakwama humo. Mwili ukageuka, goti lisigeuke. Nikasikia ta! kama kuti kavu linavyovunjika. Hata kufika jioni goti lilikuwa limejaa, kile kifupa cha mbele tunachokiita kilegesambwa hakionekani kilipo.

Sasa hapa anaingia mama yangu, na hapa ndipo panaponiuma kusema.

Mama yangu alikuwa mkandaji. Watu wa kwetu Tiwi mnamjua bila ya mimi kumtaja, maana wengi wenu aliwakanda mkiwa wachanga. Wazazi waliotoka kujifungua, watoto waliotenguka mikono, wazee wa viuno, wote walipitia kwake. Watu wa hoteli walitaka kunileta hospitali. Mama akasema, "Apelekwe wapi na mimi ni hai?" Nami nilifurahi, nakiri mbele yenu. Nilikuwa naogopa kisu.

Akapasha mafuta ya nazi, akanikanda hata nikalia kama mtoto. Kisha akavua leso yake moja aliyojitanda, akalifunga goti, akakaza. Akaniambia, "Usikanyage chini, mwanangu. Usiukunje mguu wala usiukaze. Mpaka nikwambie mimi."

Basi hakuniambia. Miezi saba nililala kitandani. Nilioshwa na mke wangu, nililishwa, nilibebwa kwenda msalani na kurudishwa. Majirani walikuja kunitazama na vikapu vya mayai. Ndugu zangu, ugonjwa wa namna ile una utamu wake, msijifanye hamuujui! Mke wangu alikuwa akisuka makuti tangu alfajiri tupate kula, maana wageni walipungua hotelini na kazi yangu ikaenda nao. Mimi nilikuwa nanenepa tumbo. Nilipojaribu mara moja kwenda msalani peke yangu, goti liliteleza ndani kwa ndani, nikaangukia mtungi, mtungi ukapasuka. Mama alilia kuliko mimi. Akaifunga leso upya, akaikaza zaidi.

Kisha akaumwa yeye, kifua, na hakuchukua muda. Nilibebwa nikawekwa ubavuni mwa kitanda chake. Akanyoosha mkono kulipapasa goti kama kawaida yake, lakini safari hii nguvu zilimwishia njiani. Mkono ukaangukia pajani.

Hapo ukakaa. Niwaeleze wenzetu ambao hii si desturi yao. Kwetu mwanamume mzima hamwonyeshi mamake paja. Miezi ile yote mama alikuwa akiinua shuka mpaka gotini, basi, tena akiangalia pembeni. Goti alilijua kuliko mimi mwenyewe. Paja hakupata kuliona hata siku moja.

Akaminya juu ya shuka, mara moja, mara mbili. Akapeleka mkono paja la pili, akaminya, akarudi. Nikaona macho yake yanabadilika.

"Mbona paja limekwisha hivi?" akauliza.

Kisha akasema, "Nimekosea, mwanangu. Nimekuharibia mguu, nami nilidhani nautunza."

"Hujakosea, mama."

"Na mimi nani atanishusha?"

Mimi ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Nikamwambia, "Ni mimi, mama. Inshallah ni mimi." Siku ya tatu akafariki.

Mwanamke wetu anapozikwa, wanaoshuka kaburini kumpokea ni watu wake mwenyewe, mwanawe au ndugu zake. Juu hushikwa shuka ili asionekane. Wale walio chini humpokea mikononi, wakainama naye, wakapiga magoti mahali pembamba, wakamlaza kwenye mwanandani, ule uwazi uliochimbwa ubavuni mwa kaburi. Kazi yote ile ni ya magoti na mapaja. Siku ya mama yangu mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Aliyeshuka ni mjomba, kaka yake mama, mzee wa mgongo mbovu, ambaye mama ndiye aliyekuwa akimkanda. Nilimsikia akigumia kule chini. Nikasikia "Bismillahi", na sauti ilikuwa yake, haikuwa yangu. Ndugu zangu, nimewahi kuumia mwili, lakini siku ile niliona haya kuwa hai.

Kisomo cha hitima kilipokwisha nikamwambia mke wangu atafute mkokoteni.

Daktari wetu huyu, mama wa bara, asinikasirikie, nitamwiga kidogo. Alitazama mguu, akasema, "Toa hiyo kikoi." Nikasita. Akasema, "Baba, mimi sikuja huku pwani kuangalia kikoi. Nataka kuona paja." Kiswahili chake cha bara mnakijua, lakini mambo yake ni ya kweli. Akatoa futi ya fundi cherehani, akapima paja la kushoto, akapima la kulia. Tofauti ilikuwa vidole vitatu vyangu vikiwekwa pamoja.

"Umeona?" akasema. "Goti imeumia, ndiyo. Lakini yenye inakuangusha ni hii paja imelala."

Akanieleza, nami nawaeleza hasa nyinyi mliokuja leo mara ya kwanza. Kwenye nyonga, mfupa umeingia shimoni kama mchi kinuni. Goti halina shimo. Mfupa wa paja umesimama tu juu ya mfupa wa muundi, na baina yao mna gegedu mbili laini za kuzuia mifupa isisagane. Kinachoifunga mifupa isiachane ni kano: moja kila upande, na mbili ndani, zimepishana. Yangu moja ya ndani, ile ya mbele, ilikatika siku ile niliyoruka. Haiungwi kwa kukandwa, haiungwi kwa kulala. Lakini Mungu hakuliacha goti na kano tu. Mbele ya paja mna misuli minne, yote inashuka kushika kilegesambwa, na nyuma mna mingine. Hiyo ikiwa na nguvu, mtu aliyekatika kano huweza kutembea na akaonekana mzima. Ikikaa bure hunyauka, wala haisubiri mwaka, ni wiki chache tu.

Nikamwambia, "Basi mama yangu aliniua." Akanitazama sana. Akasema, "Mama yako alikuwa na mikono mzuri. Hakuna mtu alimwambia ya paja." Nilimpenda daktari huyu tangu siku ile.

Kisha akaifungua leso. Nilidhani ataitupa. Akaikunja ikawa bonge, akaiweka chini ya goti. "Finya hii leso. Kaza paja, hesabu mpaka kumi." Nikafinya. Hakikutikisika kitu. Nililiangalia paja langu mwenyewe likikataa kunisikia, nikalia mbele ya mwanamke niliyejuana naye asubuhi ile.

Wiki ya tatu likashtuka kidogo, hapa juu ya goti, upande wa ndani. Nilimwita mke wangu aje aone, na alipofika halikushtuka tena! Tukacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Baadaye nikawa nauinua mguu umenyooka, kisha nauinua na kifuko cha mchanga kimefungwa kifundoni. Kisha kukaa na kuinuka bila kushika ukuta: kwanza kitini, halafu kwenye kigoda, na mwisho kwenye mbuzi ya mama ya kukunia nazi, ambayo mnajua ilivyo chini. Kwenye mbuzi ile nilikaa miezi minne nikishindwa kuinuka. Kuna siku niliipiga teke kwa ule mguu mzima, nikaona vibaya, nikaifuta vumbi.

Siku niliyoinuka, mke wangu aliacha makuti akaingia ndani, akafunga mlango. Nilimsikia analia huko.

Minazi sipandi tena. Daktari amekataa na goti limekataa. Nauza madafu, wanapanda wengine, nami nipo chini nawapigia kelele wasiruke. Wakati mwingine natazama juu na moyo unaniuma, sitawaficha.

Kabla ya Ramadhani iliyopita alifariki mama mdogo, ndugu yake mama, ambaye hakujaaliwa mtoto wa kiume. Makaburini mjomba akanigeukia, akaniuliza polepole, "Utaweza?" Nikavua viatu. Shuka ikashikwa juu. Nikampokea, nikakunja magoti taratibu, vile ninavyokaa kwenye mbuzi. Goti likatetemeka. Likashika. Nikamlaza. Na kule chini ya shuka, nilipokuwa nikimwekea bonge la udongo chini ya shavu kama desturi yetu, nikajikuta nasema, "Mama, nimeshuka." Mjomba alikuwa pembeni yangu, alisikia. Alinipa mkono, tukapanda.

Namshukuru daktari, aliyenigombeza nilipostahili. Namshukuru mke wangu, ambaye vidole vyake vimejaa sugu za makuti kwa ajili yangu. Namshukuru mwenye mkokoteni, aliyepoteza asubuhi yake nzima na hakuniambia nimekuwa mzito, ingawa nilikuwa mzito. Na namshukuru mama yangu. Nisimalize hapa mkaenda mkimsema. Mtu akiumia goti, aangaliwe kwanza na anayejua kilichokatika ndani, ndipo akandwe. Na akiambiwa apumzike, aulize: mpaka lini, na paja nilifanyeje? Hilo tu ndilo lililotupungukia nyumbani kwetu. Mapenzi tulikuwa nayo tele.

Dada yangu uliyekaa pale nyuma, umekuja leo na mumeo. Tangu asubuhi nakutazama. Unamfuta jasho, na kila akitaka kusogeza mguu unamwinulia wewe kwa mikono miwili. Sikulaumu, dada yangu, nami nilipendwa vivyo hivyo.

Njoo uichukue hii. Imechakaa, maandishi yake hayasomeki tena, lakini ni safi, nimeifua jana mwenyewe. Ikunje, umwekee chini ya goti. Kisha utoe mkono wako, umwache afinye mwenyewe.