Mama Swichi na Sauti ya Fundi Kesho

Tarehe 30 Juni, Mama Swichi anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne, yote katika chumba kimoja: chumba cha simu, ghorofa ya chini, kati ya masjala na stoo ya mashuka. Wengi wetu tunaijua sauti yake kuliko sura yake. Ndiyo iliyowaita madaktari wodini, ndiyo iliyowatuliza ndugu waliopiga simu wakilia, na ilipotangaza chai, hata mgonjwa aliyekatazwa kula alimeza mate.

Aliajiriwa akiwa binti, enzi za swichibodi ya kuchomeka waya. Mtambo mpya ulipoletwa, ule wa zamani ukatupwa nyuma ya jiko. Yeye akaomba kibali, akaupeleka kwake kwa mkokoteni, akaufungua sebuleni skrubu moja moja ili ajue ulikuwa unafikiri nini. Jina la Swichi likamganda tangu hapo. Mumewe alilalamika kwa kila mtu kwamba ameletewa mume mwenza wa chuma.

Baadaye ofisi ya uhasibu ikatupa kompyuta kuukuu, nayo akaihamishia sebuleni. Akajifunza kuandika programu kwa kitabu cha kuazima na kwa kukosea. Tukubali kwamba alikosea sana. Kengele yake ya tangi la maji, iliyotakiwa kulia tangi likijaa, ililia kila jirani alipofungua bomba, na wapangaji wakatoka nje mbio wakidhani nyumba inaungua. Mlango wa banda la kuku, uliofuata mwanga wa jua, ulijifunga mchana wingu lilipotanda, kuku wote wakabaki nje wanashangaa. Tulimcheka. Naye alicheka nasi, kisha akarudi kwenye waya zake, maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tuliyachukulia hayo yote kuwa michezo, hadi mwaka ule mumewe alipougua.

Mumewe alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na lango letu. Tulimwita Fundi Kesho, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila aliyeulizia nguo yake. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu mazungumzo kuliko mapindo. Watu walimpelekea shati lisilochanika ili wapate kisingizio cha kukaa kwenye benchi lake.

Sauti yake ilianza kukwaruza. Alisingizia vumbi la vitambaa, mpaka daktari wa upasuaji alipowaketisha yeye na mkewe akawaeleza kwamba ni saratani, na kwamba kuokoa maisha kutahitaji kuondoa kile kisanduku cha sauti kooni. Baada ya hapo hatasema tena.

Mama Swichi hakulia. Aliamua kutengeneza mashine itakayosema kwa niaba ya mumewe, kwa sauti ya mumewe mwenyewe. Akamleta kwenye chumba cha simu, ambako kuna utulivu, akamweka mbele ya kipaza sauti. Sema maji. Sema chakula. Sema naumwa, sema dawa, sema asante. Fundi alitii kama mtoto wa shule.

Upasuaji ulifanikiwa. Aliporudi kibandani, mkewe akamkabidhi kisanduku kidogo chenye kioo cha simu ya zamani, spika, na vitufe vikubwa. Fundi akavibonyeza vyote, kimoja baada ya kingine: maji, chakula, naumwa, dawa, asante. Kisha akakiweka kisanduku kando, akachukua chaki yake ya kukatia nguo, akaandika juu ya meza: "Huyu ni mgonjwa. Mimi niko wapi?"

Asubuhi iliyofuata Mama Swichi aliingia kazini, akakaa bila kuvaa vipokea sauti vyake. "Nimemrekodi mgonjwa," aliniambia, "mume wangu nikamsahau. Na sasa koo limefungwa." Hapo ndipo alipolia. Katika miaka yote ya kufanya kazi naye sikuwahi kuyaona machozi yake.

Msaada ulitoka tusikotarajia. Siku chache baadaye, wakati wa chai, muuguzi wa wodi ya watoto alikuwa akiwachekesha wenzake kwa ujumbe wa sauti uliokuwa umekaa kwenye simu yake siku nyingi. Alikuwa Fundi, akijitetea kuhusu sare: "Dada, sare yako imekwisha, imebaki mikono tu, kwani wewe unaharakia kumkumbatia nani?"

Mama Swichi aliweka kikombe chini. "Rudia," akasema. "Tafadhali, rudia."

Alikwenda moja kwa moja kwa katibu wa hospitali kuomba atumie vipaza sauti vya matangazo kwa jambo lake binafsi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Katibu alitoa simu yake mfukoni, akaanza kutafuta ujumbe wa Fundi kuhusu koti la harusi ya mwanawe.

Tangazo likatoka: yeyote mwenye sauti ya Fundi Kesho, ailete chumba cha simu. Tukapanga foleni. Walikuja madereva, mfamasia, wapishi, hata wateja kutoka mtaani. Binti yao aliyeolewa mbali alituma salamu za baba yake alizozihifadhi. Shemeji yake Fundi alileta ugomvi mzima wa ukuta wa mpaka, na akaomba radhi kwa lugha iliyomo. Mimi nilikuwa na huu: "Suruali yako iko tayari kabisa, bado kiuno na miguu."

Mama Swichi akaanza kukata na kupanga vipande vya sauti. Mwanzoni alijitahidi kuondoa mlio wa cherehani uliokuwa nyuma ya karibu kila ujumbe, akafanikiwa, na sauti ikawa ya mtu baki. Akaurudisha mlio ule wote.

Alimpelekea kisanduku saa ya chakula cha mchana, benchi likiwa limejaa. Fundi alikitazama kwa mashaka, akabonyeza kitufe cha kwanza. "Kesho," kisanduku kikasema, kwa sauti yake halisi, na watu wakapiga kelele kama wameona bao. Akabonyeza tena na tena. Kisha akatafuta mpaka akafika kwenye ujumbe aliowahi kumtumia mkewe. Akamtazama usoni, akabonyeza: "Mama watoto, funga hiyo ofisi uje. Chai inapoa na mimi napoa." Mama Swichi akavua miwani. Sisi tukajifanya tunatazama vitambaa.

Fundi alishona miaka minne zaidi, akibishana bei na kudanganya wateja kama zamani. Mwaka jana alitutoka. Mama Swichi alirudi kazini baada ya matanga, akasema "Hospitali, habari za asubuhi" bila kutetemeka. Kisanduku kikakaa kwenye droo yake, na hakuna aliyethubutu kukiulizia.

Mapema mwaka huu, daktari yuleyule wa upasuaji alimleta kwetu mwalimu mkuu wa shule moja, mtu wa makamo aliyekuwa akisubiri upasuaji kama ule. Mama Swichi alimsikiliza mpaka mwisho. Akafungua droo, akaihamishia sauti ya mumewe kwenye simu yake, akahakikisha imefika salama, kisha akafuta kila kitu kwenye kisanduku na kumsogezea mwalimu kipaza sauti.

"Nianze na maji?" mwalimu akauliza.

"Maji hata kidole kitayaomba," akajibu. "Anza na unavyomgombeza mwanafunzi aliyechelewa. Halafu utacheka kidogo, halafu umwite mkeo kama unavyomwita mkiwa wawili."

Mwalimu akasogea karibu na kipaza sauti, akaanza kugombeza.

Kuanzia Julai uongozi umempa Mama Swichi chumba kidogo jirani na kliniki ya koo, naye ameahidi kuja kila Jumatano kurekodi wengine.

Mama yetu, asante kwa kutuunganisha. Tunakuombea ustaafu wenye afya, umeme usiokatika, kuku wanaolala ndani, na watu wa kupiga nao soga mpaka chai ipoe.