Jamleck Ndung'u na Saa Isiyostahili Kutengenezwa

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani wa Kabazi, wakwe zetu mliotoka Runyenjes kabla ya jogoo, na nyote mliofika, mimi ni Kabiru, mdogo wa marehemu, mwenye duka pale Gilgil, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya ndugu yangu. Kabla sijaanza naomba jambo moja, kwamba yeyote aliyekwisha kufungua programu ya mazishi ukurasa wa nne, akasoma kuwa saa ya mkono ya marehemu itazikwa pamoja naye, aufunge ukurasa huo kwanza, kwa sababu asubuhi ya leo mambo yamebadilika, na hata mimi ninayesoma sijayaelewa vizuri.

Marehemu Jamleck Ndung'u Ngigi alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Kabazi, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Ngigi na marehemu Mama Wangechi, wakati baba yetu alipokuwa mfanyakazi katika shamba la mzungu. Alianza shule ya msingi mwaka wa 1959, akamaliza 1966, akaendelea na sekondari mjini Nakuru hadi kidato cha pili, karo ikakwama, akarudi nyumbani. Walimu walimsifu kwa mwandiko mzuri na wakamlalamikia kwa ukimya, na wote mliomjua mtakubali kwamba ukimya huo hakuuacha shuleni.

Tarehe 2 Septemba 1974 aliajiriwa kuwa karani wa kupima maua ya pareto huko Subukia, na alipopokea mshahara wa kwanza alishuka Nakuru, akaingia katika duka la saa la baba yake Fundi Balbir, huyu Balbir ambaye leo yuko nasi, yule mzee wa kilemba mstari wa tatu, akanunua saa ya kutia ufunguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine, rahisi kuliko zote zilizokuwa kwenye kabati la kioo. Nasema hivi mbele ya jeneza lake bila kuogopa kwa sababu nilimwambia akiwa hai, ile saa ilikuwa ya bei ya chini hata siku aliyoinunua. Mwaka wa 1989 alihamia ushirika wa maziwa hapa Kabazi, akafanya kazi mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, na katika miaka hiyo yote sikumbuki saa hiyo ikimaliza msimu wa mvua bila kupelekwa kwa fundi.

Marehemu alimwoa shemeji yetu Wawira, Mama Jackie, kwa harusi ya kanisani tarehe 18 Desemba 1982. Mahari yalipelekwa Runyenjes mwezi wa Aprili mwaka huo, nasi tulisafiri kwa pikapu, na kwa kuwa bwana harusi peke yake ndiye aliyekuwa na saa, yeye ndiye aliyetuambia tupumzike Nyeri, tule nyama, muda bado upo. Muda haukuwepo, saa ilikuwa imesimama mkononi mwake bila yeye kujua, tukafika mazungumzo yakikaribia kufungwa, na akina mama wa Runyenjes wakatufungia lango, wakaimba, wakatutoza faini ya mbuzi na mablanketi ndipo tukaingia. Wakwe zetu naona mnacheka, basi mnaikumbuka. Mtu mwingine angeitupa saa hiyo mtoni tukirudi, lakini ndugu yangu Jumatatu alikuwa kwa fundi.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Jackie, Sue na Ngigi, na wajukuu ambao wengine mmewaona hapa wakikimbizana. Watoto waliposoma na kupata kazi walitaka kumpumzisha baba yao na gharama hiyo, nami nikatoa dukani kwangu saa za betri, mpya, zisizoingia maji, tena zaidi ya mara moja, akashukuru, akazigawa. Wahenga walisema cha mlevi huliwa na mgema, na cha Ndung'u kililiwa na fundi, leo springi, kesho kioo, keshokutwa ule ufunguo wenyewe, na kila tengenezo moja lingenunua saa kadhaa nzima kwangu. Fundi Balbir atanisamehe nikisema kwamba hata yeye alimkataza, maana niliwahi kuwa pale na nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Mzee Ndung'u, hii saa bei yake kidogo, kazi yake mingi. Nunua ingine tu, mimi sitakasirika." Ndugu yangu akamjibu, "Tengeneza."

Nimejiuliza sana sababu. Si urithi, kwa maana baba hakuwahi kuwa na saa. Si bahati, kwa maana bahati yake ni ile faini. Si majivuno, kwa maana haikuwa saa ya kumwonyesha mtu. Mimi ni mfanyabiashara, kitu kikiwa hakina hesabu huniumiza kichwa, na saa hii imeniumiza kichwa tangu nikiwa kijana mpaka leo nina mvi.

Sasa nafika mahali ambapo historia za marehemu huwa zinaruka, na nisingesoma kama Mama Jackie mwenyewe hangeniambia nisome. Mwaka wa 2016 marehemu aliuza shamba lao la Sachangwan bila kumwuliza mke wake, na alipoulizwa alinyamaza kama kawaida yake. Shemeji alihamishia kitanda chake nyumba ya jikoni, akanyamaza pia, na kwa karibu miaka mitatu chai ya mzee ilimfikia kwa mkono wa Sue, na ujumbe wowote ukapitia kwa watoto. Sisi ndugu tulikuja na wazee wa kanisa, tukaongea mpaka mate yakakauka, tukarudi tulivyokuja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tarehe 9 Februari 2019 marehemu alipatwa na kiharusi, akalazwa Nakuru, akarudi nyumbani mwezi wa Machi mkono wa kulia ukiwa hauna nguvu. Asubuhi ya kwanza alikuta saa yake imesimama, akajaribu kuitia ufunguo, vidole vikakataa, akajaribu kwa meno. Shemeji alikuwa anapita na ndoo ya maziwa, akamwona kupitia mlangoni. Aliingia, akaitoa saa mdomoni mwake, akaifuta kwa leso, akaitia ufunguo, akamfunga mkononi, akaokota ndoo, akatoka. Siku iliyofuata alipomaliza kukamua alikuta mkono umewekwa juu ya meza unamngoja. Hivyo ndivyo walivyoishi, asubuhi baada ya asubuhi, kimya, mpaka siku moja mzee akasema, "Pole pole Wawira, usikaze sana," na shemeji akamjibu, "Nimekamua ng'ombe maisha yangu yote, wewe ndiye wa kunifunza kukaza?" Sue alikuwa jikoni, akaacha sufuria ikafurika. Yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu Sachangwan, na kabla ya mwezi wa Juni kitanda kilikuwa kimerudi nyumba kubwa.

Haya ya kutiana ufunguo wa saa mimi nimeyajua leo asubuhi. Nilichokijua mimi ni kwamba mwezi wa Mei mwaka huu saa ilianguka kwenye saruji, kijiti chembamba kinachoshika gurudumu lake la ndani kikavunjika, ikaenda kwa fundi, na wiki hiyo hiyo marehemu akalazwa tena, moyo ukiwa umechoka. Nilipomtembelea aliniuliza habari ya saa kabla ya kuniuliza habari ya watu wangu. Nikamvalisha mpya ya betri, nikamwambia hii hutaitia ufunguo tena maishani. Aliitazama kidogo, akaivua, akanirudishia, akasema, "Hii haihitaji mtu, Kabiru." Nilidhani ni ugonjwa unaongea. Alitutoka tarehe 10 Juni 2025, siku ya Jumanne, mikononi mwa mke wake.

Kamati ya mazishi ilijadili habari ya saa katika kundi la WhatsApp. Wengine walisema iachwe kwa fundi, wengine itengenezwe, Jackie akapendekeza azikwe nayo kama ilivyo, vipande vikiwa ndani ya kikebe, sote tukaweka alama ya kukubali, programu ikaenda kuchapwa. Mama Jackie hayumo katika kundi hilo, ana simu ya kabambe, ile ndogo ya vibonyezo isiyoingia WhatsApp, na siku zote hizo alikuwa ameketi chumba cha pili akipokea waombolezaji, wala hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka kwenda kumwuliza. Leo asubuhi mjukuu alimsomea ukurasa wa nne. Aliniita kando ya zizi akaniambia, "Shem, mzee mzikeni, huyo ni wa Mungu. Lakini hiyo saa si yake peke yake. Mimi nikimaliza kukamua kesho, nitaenda wapi?"

Kwa hesabu yoyote ninayoijua, saa hii haistahili kutengenezwa, na mteja wangu akija na swali hilo Gilgil nitamwambia hivyo hivyo. Fundi Balbir amekuja na kikebe chenye vipande vya saa mfukoni akingoja neno la familia, na neno lenyewe ni hili, usikitoe, rudi nacho Nakuru ukaitengeneze, na siku itakapokuwa tayari mimi mwenyewe nitamleta Mama Jackie dukani kwako, wala sitafungua mdomo juu ya bei.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Nakuru, majirani wa Kabazi mliokamua ng'ombe wetu wakati wa msiba, wenzake wa ushirika wa maziwa, kanisa, na wakwe zetu ambao leo hamkututoza kitu. Ndung'u, mwana wa mama yangu, ulikuwa unanijibu kila mara nami nikidhani umenyamaza. Pumzika, amani iwe juu yako, na Mama Jackie asubuhi hatakosa kazi ya mikono.