Kompyuta ya Chombo cha Angani na Mzee Audax

Tarehe 30 Juni 2025, Bw. Audax Kamugisha anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kutunza maktaba ya kanda za kituo chetu cha televisheni, hapa Mbezi Beach.

Alianza kazi mwaka 1996, akitokea Bukoba na sanduku moja la nguo. Mwaka uliofuata kituo kilitengeneza tamthilia ya safari za sayari za mbali, hadithi ya mwaka 2025. Kompyuta kituoni ilikuwa moja tu, yenye maandishi ya kijani, nayo ilikuwa ya Audax. Ikapakwa rangi ya fedha, ikawa ubongo wa chombo cha angani. Upigaji picha ukiisha, inarudi mezani kwake kuorodhesha kanda. Maadui wa angani walitengenezewa kompyuta ya bandia, sanduku la plaiwudi lenye taa sitini.

Leo tunacheka: katika tamthilia ile watu wamefika sayari nyingine, siri zao wamebeba kwenye flopi, visahani vya data vya zamani! Audax hakuziacha. Kila Ijumaa alinakili orodha yake kwenye flopi na kwenda nazo nyumbani Kinyerezi, nasi tuliomwona getini tukimtania kwamba anakwenda kuripoti angani.

Mwezi Mei, yeye akiwa likizo, tulisafisha stoo na chumba cha maktaba yake. Mimi, Demetria, ndiye niliyesaini vitu viondolewe. Sanduku la taa nililihifadhi kwa maonyesho, maana ndilo lililofanana na kompyuta. Ile ya rangi ya fedha mezani kwake, niliyodhani ni pambo tu la tamthilia, ikaondoka na wanunuzi wa chuma chakavu.

Audax aliporudi alitazama meza tupu, akakaa sakafuni.

“Mwanangu Demetria, ile ni kompyuta kweli, ujue.”

Kanda 6,412 zina namba tu mgongoni. Majina yote yalikuwa mle. Tulikimbilia kwa wale wanunuzi, Tandika, tukaikuta imeshavunjwavunjwa. Nililia mbele za watu, siyo siri.

Flopi zilikuwepo, ila kituo kizima hakikuwa na mashine ya kuzisoma. Ndipo Audax akachukua bisibisi, akafungua lile sanduku la plaiwudi. Nyuma ya taa kulikuwa na kisoma flopi kizima, alichokifunga mwenyewe mwaka 1997 ili maadui waonekane wakiiba siri. Fundi Twaha alihangaika nacho siku mbili, orodha ikafunguka yote.

Mstari wa mwisho aliuandika Ijumaa ile ya kabla ya likizo: “Kanda 6,413: Kumuaga Audax. Msisahau kuandika namba mgongoni.”

Ahsante, baba, na unisamehe. Tunakuombea maisha mema na marefu huko Kinyerezi. Namba nimeiandika mwenyewe.